Kitundu cha Kumi na Mbili

Kitundu cha kumi na mbili kilikuwa kinapumua, na ndani yake hamkuwa na kitu ila maji.

Mpimaji wa maabara alidhani macho yake yamechoka. Kazi yake ilikuwa kutia chembe nyeupe za damu za wagonjwa wa kisukari kwenye kisahani chenye vitundu kumi na viwili, halafu mashine ipime zinavuta hewa kiasi gani. Ndani ya kila chembe mna vinu vidogo vya kutengeneza nguvu, ndiyo mitokondria, na kwa wagonjwa hawa, kadiri figo zilivyozidi kufa, vinu navyo vilikuwa vinalegea. Vitundu kumi na kimoja ni vya wagonjwa. Cha mwisho huachwa kitupu, kuhakiki mashine. Cha nne kilikuwa cha kaka yake, Bonge, ambaye siku hizi ubonge umebaki miguuni tu, kwa uvimbe.

"Bosi, kitupu kinavuta hewa."

"Uchafu huo. Toa, endelea."

Kutoa ndiyo desturi yao: chochote kinachosomeka kwenye kitupu hupunguzwa kwenye vingine vyote, basi, hakuna anayekitazama tena. Wasomi hao, jamani! Alipofukua karatasi za nyuma akakuta miezi mitatu mizima kitupu kinapanda, na kila kilipopanda, cha nne peke yake kilishuka kiasi hicho hicho, hata kabla ya kutoa.

Akainamia mashine, mchana kweupe, na harufu ikamjia puani, harufu tamu ya tunda lililooza iliyochanganyika na mkojo, ile ile inayotoka kinywani mwa Bonge kila asubuhi, na chini ya harufu kukawa na sauti ya mtu anayehema polepole, kama aliyeshiba.

"Unamtakia nini kaka yangu?" alinong'ona.

Ikahema tu.

Mganga aliyemwendea jioni hakuuliza mengi. "Jini havunji mlango, mwanangu. Hukaa alipoachiwa nafasi, na nyinyi mmemwekea kiti kila siku. Kijaze."

Kesho yake akajichoma kidole, akakijaza kitundu kwa damu yake mwenyewe. Mashine ikatoa mguno mrefu, kisha kimya. Harufu ikatoweka. Alilia kwa furaha, akaomba ruhusa, akakimbilia nyumbani.

Bonge alikuwa mezani, anakula.

"Njoo umwone kaka yako!" mama alishangilia. "Tazama miguu, uvimbe wote umeisha! Mungu mkubwa!"

Akamkumbatia kaka yake kwa nyuma, akalaza sikio mgongoni, na hapo akangoja, akangoja tena, taya zinasaga, kijiko kinakwangua sahani, mama anacheka na kupangusa machozi, ila mgongo ule uliokuwa baridi chini ya shavu lake haukupanda wala kushuka hata mara moja.

"Kule umenifungia," Bonge alinong'ona bila kugeuka, kwa sauti isiyokuwa yake. "Huku mwenye mwili hakuwa na nguvu ya kunizuia."

"Mama," aliita.

"Mwachie mwenzio nafasi ale," mama alisema, akampakulia Bonge sahani ya tatu.