Mvuke wa Kukomoana

"Anafuka! Mzee Wilf, njoo uone, yule mshenzi anafuka!"

Neville Ashworth alikuwa amesimama juu ya kreti la sabuni, pua imebanwa kwenye kioo cha stoo ya taulo. Ng'ambo ya barabara, juu ya paa la Lulu, nyumba ya mvuke ya mpinzani wake, mvuke mweupe ulikuwa unapanda kwa maringo kama wa sufuria la pilau ya harusi. Jumanne asubuhi, mwezi wa pili, mji wote wa Blackpool, pwani ya Uingereza, umejikunyata, mvua inapiga kiubavuubavu, hata shakwa wamegoma kuruka. Na mtu anafuka!

Mzee Wilf Entwistle, dereva mstaafu wa tramu, alikuja akiburuta ndala, taulo kiunoni, biskuti mdomoni.

"Nimeuona. Unataka niupungie mkono?"

"Mzee, huelewi? Maana yake ana watu! Nani anawasha boila hivyo kama hana watu?"

"Wewe."

"Mimi ninao watu!"

"Nani?"

"Si wewe hapo?"

"Mimi nimefuata joto la goti langu. Ukinihesabu na goti, basi leo umepata wawili."

Neville hakucheka. Aliruka kutoka kwenye kreti, akateremka ngazi mbili mbili hadi kwenye boila, akazungusha swichi yake mpaka mwisho. Boila la Neptuni, nyumba yake mwenyewe, lilikuwa kubwa kama la meli, na lilipoamka nyumba nzima ilitetemeka. Dakika chache baadaye paa lake nalo likaanza kutema mvuke. Akaguna kwa raha. Halafu akatoa simu, kwa sababu raha ya kumkomoa mtu haikamiliki mpaka ajue.

"Naona umebandika maji. Chai ya nani hiyo?"

Jibu lilikuja kabla hajafika juu.

"Ya wateja thelathini, wengine wamekaa kwenye ngazi. Huko kwako vipi, umeunguza mkate?"

"Muongo huyu!" Neville aliiambia simu. "Thelathini! Mji mzima hauna watu thelathini waliokwisha amka!"

Aliyekuwa upande wa pili wa ule ujumbe ni Kieran Duffy, mwenye Lulu. Na hapa lazima nikwambie mapema usije ukashangaa mbele: hawa wawili walikuwa wapenzi. Walilala kitanda kimoja, wakaendesha Neptuni pamoja, nyumba ya mvuke ya wanaume wapendao wanaume, aliyoiacha marehemu Basil, mjomba wake Neville. Enzi za mjomba wageni walishuka na treni za Ijumaa, wakaoga, wakapendana, wakarudi makwao Jumapili wakiwa wamenyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Siku hizi vijana wanatafutana kwenye simu, wanakubaliana kwenye simu, na mvuke wanausikia kwa wazee. Wikiendi za kiangazi watu walipatikana. Siku nyingine zote, mji ule ulikuwa na wateja wa kutosha nyumba moja tu. Lakini wakaachana, Kieran akafungua Lulu, nyumba zikawa mbili, zinatazamana mlango kwa mlango, kama wake wenza.

Simu ikaita. Jina: *Usipokee*. Hivyo ndivyo Neville alivyomsevu Kieran. Akapokea.

"Nini tena? Wateja wamefika arobaini?"

"Neville." Sauti ilikuwa ya chini, haina utani. "Nauza."

"Unauza nini?"

"Lulu. Kuna bwana wa Manchester anataka jengo la kugeuza vyumba vya kupangisha. Ijumaa natia saini. Nimeona usikie kwangu. Umeshinda."

Neville alitoa ngumi hewani. "Yes!" alitamka kwa midomo tu, bila sauti, akamzungusha Mzee Wilf mpaka taulo likataka kuanguka. Halafu akajikaza.

"Hongera. Na wewe... unahamia wapi?"

"Uhispania. Dada yangu ana baa kule. Jua, mizeituni, hakuna anayenichungulia kutoka stoo ya taulo."

"Sikuchungulii!"

"Pua yako inabaki kwenye kioo, Neville. Naiona toka huku. Kwaheri."

Simu ikakatika. Neville akakaa juu ya gunia la taulo chafu. Akabaki hapo.

"Mbona bingwa macho mekundu?" Wilf aliuliza.

"Klorini."

"Huku stoo hakuna klorini."

"Mzee, kaoge."

Wilf hakwenda kuoga. Alikaa kwenye gunia la pili, magoti yakilia kwaa kama mlango wa tramu.

"Miaka minne sijakuuliza. Leo nakuuliza. Mliachana kwa nini?"

"Alitaka kufungua chumba cha chai juu, apake rangi, Jumapili tupike chakula cha mchana. Nikasema nyumba ya mjomba haibadilishwi."

"Watu hawaachani kwa ajili ya chumba cha chai."

 Boila lilinguruma chini.

"Alinichumbia," Neville alisema hatimaye. "Kwenye gati, siku ya kuzimwa taa za pwani, mwisho wa msimu. Alipiga goti kabisa, kwenye mbao zenye maji. Akasema, Nev, nioe."

"Ukasema?"

"Nikasema... ngoja tuone msimu utakavyokwenda."

Mzee Wilf alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama tramu aliyoikosa.

"Mwanaume anakupigia goti, unamjibu kama meneja wa benki?"

"Niliogopa! Hesabu zilikuwa mbaya! Nilitaka nimwoe tukiwa tumesimama vizuri!"

"Na msimu ulikwendaje?"

"Si unauona?"

Wilf akasimama, akavaa suruali, akafunga koti mpaka kidevuni. Mlangoni akageuka.

"Alhamisi usitoke nje ya mji."

"Kwa nini?"

"We usitoke tu."

Alhamisi asubuhi Neville aliamka, akawasha boila kwa mazoea, akapanda kwenye kreti. Lulu inafuka. Sawa. Akashusha macho barabarani, nusura aanguke.

Katikati ya barabara, kwenye mvua, walisimama wazee saba. Wateja wake. Makoti ya mvua, kofia za sufu, mifuko ya taulo kwapani. Mbele yao Mzee Wilf ameshika ubao uliotengenezwa kwa boksi la viazi, umeandikwa kwa wino mnene: HAMUONGEI, HATUVUI!

Neville alitoka na aproni. Na mlango wa ng'ambo ukafunguka wakati huohuo. Kieran. Fulana nyeupe, nywele zimelowa mvuke, ndevu zimeanza kuota mvi mbili tatu ambazo Neville hakuwahi kuziona kwa karibu. Moyo ukampiga teke.

"Mzee Wilf, hii ni nini?" Kieran aliuliza.

"Mgomo!"

"Nyie mmestaafu, mnagomea kazi gani?"

"Kuvua nguo!" alijibu Clifford, mzee mnene mwenye tai, na wenzake wakashangilia. Mama wa nyumba ya wageni pale kona alifungua dirisha, akauliza kama wanataka chai. Wakasema wanataka, ya maziwa.

"Haya," Wilf alisema, akiushusha ubao. "Mtusikilize. Kieran, juzi Jumanne ulikuwa na wateja wangapi?"

"Wengi."

"Mimi nilioga huku, Clifford alikuwa kwako. Cliff, mlikuwa wangapi?"

"Mimi," alisema Clifford. "Na redio."

Neville aligeuka taratibu kama mlango mzito.

"Uliniambia thelathini!"

"Na wewe mvuke wako ulikuwa wa nani?" Kieran alimrudia. "Ulikuwa unamwaga mvuke kama kiwanda!"

"Nilikuona unafuka, nikawasha zaidi!"

"Mimi niliona WEWE unafuka, nikawasha zaidi!"

"Sasa wote mnaelewa," alisema Wilf. "Msimu mzima mnachoma gesi ili mwenzenu aone bomba la paani linafuka. Ndani hakuna mtu. Najua hakuna mtu, kwa sababu watu wenyewe ndio sisi hapa!"

 Mvua ilidondoka kwenye kofia. Halafu Kieran akaanza kucheka, cheko la pumzi tupu, mkono umeshika paji la uso.

"Kila asubuhi nilipanda darini kuangalia bomba lako," alisema. "Nikiliona linafuka nasema, haya, mjinga yule mzima, kaamka."

"Mimi pia," Neville alisema.

"Pia nini?"

"Nilikuwa... nasema hivyohivyo. Ila nilikuita mshenzi."

Wazee wakapiga miluzi. Wilf akawanyamazisha kwa mkono.

"Sikilizeni. Vijana wana simu zao, Mungu awabariki. Lakini simu haimuulizi mtu goti linaendeleaje. Tangu Arnold, mpenzi wangu, afariki, siku nisipokuja kwenu ninazungumza na birika. Mji huu hauwezi kulisha nyumba mbili. Moja unaiweza. Msipozungumza, zitakufa zote, na sisi tutakufa tumevaa nguo!"

"Mzee, maneno mazuri," Kieran alisema, cheko limekwisha. "Lakini kesho natia saini. Na hata nisingetia, nyumba ipi ifungwe? Ya kwangu ndogo, inashika joto haraka, ina mabomba mapya. Ya kwake inakula gesi kama tembo, lakini ni ya mjomba Basil. Hawezi. Namjua. Mwulizeni, atawaambia ngoja tuone."

Ilimpata Neville katikati ya kifua.   Akageuka, akaingia ndani, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Si niliwaambia?" Kieran alisema, sauti imepasuka. "Anaingia ndani. Ndiyo kazi yake. Miaka minne, bado anaingia ndani!"

Ndani, Neville alisimama mbele ya boila. Alitazama vigae vya bluu alivyovibandika mjomba kwa mkono wake, samaki wa kuchora, benchi la marumaru ambalo yeye na Kieran walibusiana juu yake mara ya kwanza, wakipiga deki. Akaweka kiganja ukutani. Kuta zilikuwa za moto.

"Mjomba," alisema, "wateja wako nitawatunza. Nyumba nisamehe."

Akafunga gesi.

Mlango ulipofunguka tena, watu hawakumwona Neville. Waliona mlima wa taulo unatembea. Ulivuka barabara, ukapita katikati ya mgomo, ukasimama mbele ya Kieran. Kutoka nyuma ya taulo sauti ikasema:

"Una rafu?"

"Rafu ya nini?"

"Ya taulo. Zingine mia mbili ziko ndani. Clifford, usisimame tu, kalete!"

"Neville, unafanya nini?"

"Mpigie bwana wako wa Manchester. Mwambie jengo analotaka liko ng'ambo. Kubwa zaidi, linatazama bahari ukipinda shingo kidogo. Apate Neptuni."

"Nyumba ya mjomba Basil?"

"Mjomba alinirithisha watu. Kuta zilikuwa nyongeza." Akaupandisha mlima wa taulo kifuani. "Na chumba cha chai uweke. Na chakula cha Jumapili. Nyama ya kuoka, mchuzi, vyote. Na kuna jambo jingine, lakini mdomo unagoma, ngoja..."

Akamtupia Wilf taulo zote, akatoa simu, akaandika kwa vidole vilivyolowa. Simu ya Kieran ikalia mfukoni.

"Uko mbele yangu, bwege wewe!"

"Soma tu!"

Kieran alisoma. Akasoma tena. Wazee saba walinyoosha shingo.

"Soma kwa sauti, sisi tumelowa!" Clifford alilalamika.

Kieran akameza mate. "Anasema, *Nioe. Msimu utajijua wenyewe.*"

Barabara nzima ililipuka. Mama wa dirishani alipiga kelele mpaka kikombe kikamponyoka. Lakini Kieran aliinua kidole, na wote wakanyamaza, Neville akiwa ameacha hata kupumua.

"Nina sharti."

"Lolote."

"Siku nikikuuliza swali, unanijibu siku hiyohiyo."

"Sawa."

"Unanipenda?"

"Ndiyo! Ndiyo, ndiyo, Kieran, tangu lini nimeacha?"

"Basi njoo hapa, utapata homa."

Walikumbatiana katikati ya barabara kwa nguvu ya miaka minne, na taksi iliyokuja ikaamua kuzunguka.

Saa moja baadaye Lulu ilijaa kweli, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Wazee saba kwenye mvuke, mabishano ya soka, mtu anaimba vibaya. Bwana wa Manchester alikuwa amekubali kwenda kuiona Neptuni, na wachumba walikuwa kaunta, mabega yamegusana, simu imewekwa sauti ya wazi. Upande wa pili, mama msajili wa ndoa.

"Mna bahati," alisema. "Kuna watu wameahirisha. Nina nafasi nzuri sana, Jumamosi ya mwanzo wa kiangazi, saa nane mchana."

"Jumamosi?" wote wawili walipayuka kwa pamoja.

"Jumamosi haiwezekani!" Neville alisema.

"Ndiyo siku yenye wateja!" Kieran akadakia.

"Saa nane ndiyo wanashuka kwenye treni!"

"Na nani atakaa kaunta?"

"Hebu fikiria, tufunge Jumamosi!"

Mama msajili hakujua alichokosea. Mzee Wilf, anachuruzika maji, alijipenyeza katikati yao, akaivuta simu.

"Mama, andika Jumatatu," alisema. "Na siku yenyewe usiwaulize maswali mengi. Hawa ndoa wanayo tayari, wanataka cheti tu."