Mistari Minne Mgongoni

Jumanne, tarehe 19 Septemba, saa mbili na robo asubuhi, mpeleka barua alimkuta mzee Bozhil amekufa bandani kwake anakopikia pombe ya plamu, kichwa kimepasuka. Joto la mtambo lilikuwa limevuruga dalili. Daktari alishindwa kutaja saa ya kifo. Inspekta Kamen Velev akapiga picha ya nzi aliyetua jerahani, penye funza wachanga, akamtumia Zlatka Ruseva, mtaalamu wa nzi kule Plovdiv.

Zlatka alikuwa anakula. Aliitazama kwenye simu, kijiko mkononi.

"Mistari mitatu mgongoni. Nzi wa nyama huyo. Hatagi mayai, anazaa funza hai. Mzee kauawa leo asubuhi."

"Una hakika?"

"Kamen, miaka ishirini natazama nzi!"

Alfajiri ile jirani, Tsvetko, alionekana mlangoni pa banda. Alisema alibisha, asijibiwe. Hakuna aliyemwamini. Akawekwa ndani, na ukuta wa nyumba yake ukaandikwa: MUUAJI.

Siku tisa baadaye Zlatka aliikuza picha ile ili awafundishe wanafunzi kutofautisha jamii za nzi zinazofanana. Akahesabu tena. Mstari mmoja ulikuwa umefichwa na mng'ao wa taa ya kamera. Minne.

Saa tisa alasiri alikuwa mbele ya Velev.

"Ni nzi wa nyumbani. Huyo hutaga mayai, yanayochukua saa kadhaa kuanguliwa, na hatagi gizani. Ili funza wawepo asubuhi, mayai yalitagwa Jumatatu, kabla jua halijazama. Nimemfunga mtu bure."

Velev alifunua jalada polepole. "Jumatatu Tsvetko alikuwa mjini Sliven. Alirudi na basi la saa mbili usiku."

"Kuna aliyesema alimwona mzee hai usiku ule?"

"Mpwa wake. Ognyan."

Ognyan aliletwa, akakaa.

"Ulikunywa kahawa na mjomba wako saa tatu usiku?" Velev aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Saa tatu nzi walikuwa wameshataga kichwani mwake. Ulikunywa na nani?"

Ognyan alitazama sakafu, akakiri.

"Alinifumania na mizinga ya nyuki ya Tsvetko. Nilikuwa nimeiiba. Akasema Jumapili atanitaja mbele ya kanisa, watu wote wasikie. Nikampigia magoti. Akanicheka. Nikamsukuma, akaangukia jiwe."

"Na Tsvetko alipokamatwa?"

Alifunika uso. "Nilinyamaza."

Zlatka aligeukia dirisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyemjengea kijana huyo maficho.

Tsvetko alipotolewa, Zlatka alimsubiri nje.

"Kaka Tsvetko, kosa ni langu. Nisamehe."

"Mimi nimekusikia," alisema bila kusimama. "Kijiji hakijasikia."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Zlatka alisimama uwanjani, masikio yanamwaka, akawaeleza yote. Bibi mmoja akatema chini.

"Mtu mzima kufungwa kwa sababu ya nzi?"

"Hapana, bibi," alisema Zlatka. "Kwa sababu yangu."