Harufu ya Vanila

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, watu wamebanana, kila mmoja akimshauri mwenzake kuhusu ugonjwa asioujua. Yeye, fundi wa mapazia mwenye gauni la bluu lililomkaa vizuri, alikuwa akichukua insulini na vidonge vya sonona. Kijana mmoja, shati limenyooshwa mpaka linatia huruma, akampisha mbele. Akaondoka na namba ya simu. Wanaume wengine wana bahati wasiyostahili.

Huyu alikuwa mwokaji keki. Aliposikia kisukari, aliogopa kuachwa, akadanganya kuwa anauza vifaa vya umeme. Kila jioni alijisugua kwa sabuni kabla ya kwenda kwa mpenzi wake, na kila jioni vanila ilibaki shingoni. Mjinga wa kupitiliza. Fundi alinusa, akavumilia, hatimaye akamwambia arudi kwa huyo mwanamke wa marashi matamu. Hakupokea tena simu zake.

Hapo shangazi yake fundi akapata upenyo. Mama huyu hakuwahi kutibu hata mafua yake, lakini alikuwa na mafuta ya kukandia nyayo, unga wa majani, na amri ya kushinda bila kula eti damu isafike na huzuni itoke. Daktari alishasema kukandwa hakudhuru, ila chakula asiruke. Shangazi alibetua midomo, akauliza daktari anajua nini. Fundi, ambaye huzuni ilikuwa imemlegeza kabisa, alijichoma sindano yake ya insulini kama kawaida, kisha hakula.

Mwokaji uvumilivu ukamshinda, akatoka jikoni vilevile alivyo, aproni imejaa unga. Alimkuta mpenzi wake ameegemea cherehani, anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Shangazi alikuwa akifurahia jinsi sumu inavyotoka.

"Shangazi, naomba upishe. Sukari imemshuka."

Alitoa pakiti ya sukari mfukoni mwa aproni, akaikoroga kwenye maji, akamnywesha taratibu. Akili ilipomrudia, fundi alimvuta kola, akanusa.

"Ni hii hii."

"Ni keki, mpenzi. Naoka keki. Niliogopa utanikimbia."

"Muongo wewe. Mwezi mzima nakonda kwa kuonea wivu keki." Machozi yalimtoka, akacheka.

"Nikuoe?"

"Unioe. Ila ukome kujisugua."

"Kwanza ule," alisema mwokaji, akaenda kuwasha jiko. Shangazi alikuwa akitafuta viatu vyake mlangoni, na hakuna aliyemsaidia.