Uji wa Ubuyu wa Mama Klara

Kila asubuhi Mageni, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia kibanda chao katika kambi ya mgodi wa dhahabu huko Geita, kisha akabandika chai. Ulikuwa mwaka 1951, kiangazi kikali. Mboga za majani zilikuwa zimekauka zote. Kwa miezi mingi walikula ugali, maharage na dagaa wakavu tu. Walishiba, na kushiba kuliwadanganya.

Mdogo wake, Bujiku, akaanza kutoka damu kwenye fizi. Miguu ilimuuma hata akakataa kutembea. Jirani yao Mama Klara, mjane aliyewauzia wachimbaji uji, alimhurumia, akamkorogea ubuyu kwenye uji wa vuguvugu. Bujiku alipoonja tu, alilia.

"Mama, uji wa Mama Klara unamchoma mdomo!" Mageni alipiga kelele.

Mama yake alitoka mbio, akaumwaga. "Kumbe ni wewe unayemloga! Mwanangu amekukosea nini?"

"Mama Mageni, ni ubuyu tu. Hata mimi naunywa."

Nani angemsikiliza? Kambi nzima ilimwita mchawi. Uji wake ulichacha bila mnunuzi, akafungasha vyombo vyake kwenda kwa kaka yake, kijijini Buseresere. Watoto walimzomea, na Mageni alikuwa mbele yao. Bujiku naye alizidi kudhoofika.

Hatimaye walimpeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa zahanati, alimtazama kinywani, akauliza wanakula nini.

"Hajalogwa huyu. Amekosa vitamini C," alisema. "Imo kwenye matunda na mboga za majani zisizopikwa sana. Ikikosekana, fizi hutoka damu na vidonda haviponi. Mpeni machungwa, au ubuyu."

"Lakini ubuyu ulimchoma!" alisema Mageni.

"Kitu kichachu huchoma penye kidonda. Lakini ndicho kingemponya."

Mama aliinama kwa aibu.

Bujiku alipoanza kukimbia tena, Mageni na mama yake walikwenda Buseresere. Mageni alipiga goti.

"Shikamoo, Mama Klara. Tusamehe."

"Marahaba. Nimewasamehe. Lakini uji siuzi tena. Hata huku naitwa mchawi. Maneno yenu yalifika kabla yangu."

Wakaanza safari ya kurudi. Njiani mama alisimama, macho yamemjaa machozi.

"Mageni, ugonjwa tusioujua ni wa kupeleka zahanati. Sisi tuliutafutia mtu wa kulaumu. Bujiku amepona kwa machungwa. Jina la Mama Klara tutaliponya kwa dawa gani?"