Salamu Kutoka Ukunguni

Ndege aliitika vizuri, kisha akakohoa.

Mtafiti alimgeukia mumewe, aliyebeba spika begani. Asubuhi nzima walikuwa wakipiga rekodi ya ndege asiyesikika tena mlimani humo, wakitega masikio. Rekodi hiyo iliachwa na marehemu mwalimu wa mtafiti, aliyemlea kama binti yake, na mwishoni mwake mzee alikohoa. Siku aliyoirekodi alishuka mlimani bubu. Madaktari wakasema kiharusi, na daktari akishasema, nani atabisha?

"Mke wangu, tushuke," mumewe alinong'ona. "Ndege hakohoi."

"Ni mwangwi."

"Mwangwi wa nini? Spika umeizima."

Hakumsikiliza. Wachimba mawe walikuwa wakingoja ripoti yake. Ndege asipopatikana, mlima ungepasuliwa. Mwalimu alimfundisha kupiga rekodi mara moja tu, kisha kunyamaza, ndege wasihangaike. Yeye akapiga tena, na tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo akamwona, kwenye tawi lililo mbele yake, kifua chekundu, mwenyewe kabisa. Furaha ilimjaa hadi machozi. Ndege alifungua mdomo, koo likatetemeka, na hakuna kilichotoka. Mlio ulitoka nyuma yao, kwenye mawe yaliyofunikwa na ukungu, pamoja na harufu ya manyoya yaliyoungua.

"Mkwe wangu," sauti ya marehemu mwalimu ikasema kutoka mawe yale, taratibu, kama alivyozoea kuingia sebuleni kwao. "Hujambo?"

Mumewe alilelewa vyema. Salamu hakuiacha ikapita.

"Sijambo, mzee," akajibu kabla hajafikiri.

Lilikuwa neno lake la mwisho. Alishika koo, midomo ikicheza bila sauti, na mtafiti akamkamata mkono wakakimbia, wakiteleza kwenye majani mabichi, wakiangusha spika na darubini na chakula, huku ukungu na ile harufu vikiwafuata kila walipokata kona na sauti ya mumewe, ile ile aliyoipenda tangu usichana wake, ikimbembeleza kutoka ukunguni asimame amngoje, ilhali mwenye sauti alikuwa hapa ubavuni mwake, analia kimya.

Barabarani, shemeji yake, mdogo wa mumewe aliyewaleta, alikuwa amelala chini ya gari akikaza nati. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Mdogo wangu," sauti ya mumewe ikaita kwa uchangamfu kutoka ukunguni. "Hujambo?"

Mtafiti angeweza kupiga kelele. Lakini aliogopa, aliogopa mno kuipoteza sauti yake, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mumewe alijitupa chini kuivuta ile miguu.

"Sijambo, kaka," shemeji akaitika.

Akatoka uvunguni akitabasamu, akaona uso wa kaka yake, akafungua kinywa kuuliza. Kikabaki wazi. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye magurudumu.

"Shemeji," sauti yake ikasema kutoka humo, kwa adabu zote. "Hujambo?"