Bawa Lililotandazwa Buterere

Jumamosi duka la vitambaa la mzee Sleiman hufurika watu mpaka mlangoni, na binti yake Nura ndiye anayepima. Jumamosi moja alimkuta kijana mwenye shati la buluu akivutavuta nailoni kwa vidole.

"We, unanunua ao unapapasa tu?"

"Nashona bawa langu. Mi naruka na parapente, bawa la kitambaa la kurukia toka mlimani."

"Kumbe ndege!"

"Ndege mwenye njaa. Naitwa Haitham. Nipunguzie bei, dada."

Nura alicheka kwa mdomo tu. Tangu wamzike mama yake, hata biriani ya Idi alikula kama anatafuna karatasi. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi kifua cha Nura kilikuwa kimya kabisa.

Hata hivyo alimfuata Haitham mlimani, juu ya Kiriri, mwalimu Jovithe akamfundisha kuruka. Huko angani hakuna anayekuuliza unajisikiaje. Miezi ikapita, utani ukazidi, simu zikawa ndefu, mpaka Haitham akasema:

"Nura wangu, wazee wangu waje kwenu?"

"Haitham, mi sisikii kitu. Si weye tu. Kila kitu."

Jamani, ukweli mwingine hauna nguo ya kuvaa! Haitham akaona amekataliwa kiungwana, akaacha kupiga simu. Nura akangoja aumie. Hakuumia, na hilo ndilo lililomtisha.

Ikafika siku ya wanafunzi kuuacha mlima wao kwa mara ya kwanza na kwenda mbali, mpaka Gasenyi. Jovithe akawaonya:

"Usiache kiwanja kimoja cha kutua mbele ya kuona kingine. Na ukitua, kunja bawa palepale. Likibaki limetandazwa, ni kusema mutu ameumia."

Haitham alitangulia na bawa lake la rangi ya chungwa. Nura akafuata, ushungi wa kijani chini ya kofia ngumu. Juu ya mabati ya mtaani akapata hewa ya moto inayopanda, akazunguka ndani yake kama mwewe, akapaa. Gasenyi ile pale! Wenzake wote walikuwa wameshindwa kufika.

Kisha akatazama chini. Katika mashamba ya mpunga ya Buterere, bawa la chungwa limetandazwa.

"Jovithe, Haitham ameanguka!" alipiga kelele redioni.

"Simu na redio yake hazipatikani. Natafuta gari. Lakini weye ukishuka, safari yako imekwisha."

Nura alikuwa ameshageuka.

Alitua kwenye matope mpaka magotini, akakimbia akianguka. Haitham alikuwa ameketi tutani, suruali imekunjwa, anatafuna muhindi wa kuchoma.

"Nura? Karibu. Nimetua mu maji, simu na redio zimekufa. Bawa limelowa, naanika."

"Unaanika!" Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Mjinga we! Nimesema umekufa! Unaanika!"

"Ya Allah, nimesahau kanuni. Nisamehe."

Nura alitaka kumtukana zaidi, akajikuta amelishika shati lake kwa nguvu. Machozi yaliyogoma makaburini yalishuka hapo, mbele ya wakulima waliosimama na majembe yao.

"Inaniuma, Haitham. Mama ananiuma. Weye unaniuma."

"Pole, mpenzi. Lia."

"Wazee wako waje. Unasikia? Waje."

Redio ikakoroma. "Nura! Ni nani ameumia?"

Akafuta kamasi kwa ushungi.

"Ni mi," akasema. "Leta gari moja tu. Tunarudi pamoja."