Ng'ombe Kumi na Wawili wa Masumbwe

— Zipora, huyu ng'ombe ana pacha wangapi?

Mzee Jilala aliisogeza picha karibu na macho. Binti yake ndiye aliyemletea, iwe ushahidi wa mahari. Miaka minne alikuwa akimsihi baba amsubiri Edson, mchumba wake aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita. Alikuwa amechoka mpaka mifupani. Na Jumamosi wazee wa ukoo wa Maduhu wangekuja kumposa kwa ng'ombe thelathini.

— Ni wa Edson, baba. Alipiga picha Masumbwe, safarini.

— Kumi na wawili, wote pembe ya kushoto imevunjika? Wote baka jeupe begani? Mimi nimechunga tangu sijang'oa meno ya utoto, mwanangu.

Zipora akaketi chini, akasema kweli. Studio ya picha ya Nadeem, alikokuwa akifanya kazi, mwaka huo wa tisini na tisa ilikuwa imeleta kompyuta ya kukata na kubandika picha. Ng'ombe wa Edson alikuwa mmoja. Katika kujaribujaribu akambandika wa pili, wa tatu, mkono ukanogewa.

— Kitendawili, akasema mzee.

— Tega.

— Zizi langu limejaa, silishi, sinyweshi, wala sikamui.

Machozi yakamdondoka.

— Picha, baba.

— Basi Jumamosi namtaka yule mmoja. Asipofika, unakwenda kwa Maduhu.

Jumatatu Edson akapiga simu studio, kama kawaida yake.

— Baba anamtaka ng'ombe wako, Edson.

— Mmoja tu, Zipo? Miaka minne shimoni! Naona aibu.

— Mimi nimechoka kuona aibu. Njoo naye.

— Hata nauli ya lori sina.

— Yeye ana miguu minne, wewe miwili. Tembeeni!

Jumamosi, wazee wa Maduhu wakiwa wamekwisha kaa vigodani, Edson akatokea. Vumbi mpaka kwenye kope, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba, ng'ombe nyuma yake.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba.

Mzee hakumtazama. Alimzunguka ng'ombe, akaigusa ile pembe, akapapasa tumbo.

— Huyu ana ndama tumboni. Mbona hukusema?

— Nilijua utamwona mwenyewe, baba.

— Zipora, ndiye huyu?

— Ndiye, baba.

Mzee akawageukia wageni.

— Mtusamehe, wazee wenzangu. Mnywe uji, kisha mrudi na ng'ombe wenu.

Halafu akamwambia binti:

— Waliobaki watazaliwa zizini. Wewe usiwazae tena kwenye kompyuta.

Zipora akaleta ndoo ya maji. Ng'ombe akanywa kwanza. Kisha Edson. Kisha wakaketi bega kwa bega.